Shajara ya mradi: klachi ya kiyoyozi iliyokosa nguvu

Siku ya 1

Kiyoyozi cha gari kimekata kabisa. Hakikuanza kuumwa leo. Kwa wiki kadhaa kilikuwa kinapoza vizuri asubuhi, halafu baada ya nusu saa barabarani, hasa kwenye foleni, kinatoa hewa ya vuguvugu. Ukizima gari likapoa, baridi inarudi. Leo haikurudi hata asubuhi.

Nimeamua kuandika kila ninachopima, kwa sababu gari hili limeshatengenezwa vya kutosha kwa kubahatisha. Mara mbili limepelekwa gereji kwa tatizo hilihili na mara zote mbili jibu lilikuwa moja: gesi imepungua, tuongeze. Hakuna aliyefunga geji. Hakuna aliyeuliza gesi hiyo imetokea wapi, ilhali mfumo wa kiyoyozi umefungwa na gesi yake haiishi kwa kutumika kama petroli. Ikipungua, pana tundu mahali. Jambo hili limenikera kuliko joto lenyewe, maana anayekaa kiti cha nyuma siku nyingi ni mama, na joto kali linamlegeza.

Hali niliyoikuta ni hii. Feni ya ndani inapuliza kwa nguvu kwenye kasi zote nne. Taa ya kitufe cha AC inawaka. Feni ya kondensa, ile ya mbele ya redieta, inaanza kuzunguka kitufe kikibonyezwa. Kinachokosekana ni ule mlio wa "tak" kutoka kwa kompresa, pampu inayoisukuma gesi, na injini haielemewi kidogo kama inavyofanya inapobebeshwa mzigo. Nimeinama kutazama: puli ya kompresa inazunguka na mkanda, ila bamba la mbele yake limesimama tuli.

Kwa asiyeujua mpangilio wenyewe: puli ile huzunguka muda wote injini ikiwaka, kiyoyozi kiwe kimewashwa au kimezimwa. Nyuma yake kuna koili ya waya wa shaba. Koili ikipata umeme inageuka sumaku, inalivuta bamba mpaka ligande kwenye puli, na hapo ndipo shafti ya kompresa inaanza kuzunguka. Puli, koili na bamba kwa pamoja ndiyo klachi. Kati ya bamba na puli pana mwanya usiofika milimita moja. Mvuto ukishindwa kuuziba mwanya huo, hakuna baridi, hata gesi ijae mpaka pomoni.

Siku ya 2

Nimeazima geji za presha. Gari limelala tangu jana, kila kitu kimepoa, joto la hewa ni nyuzi 27. Upande wa presha ndogo na upande wa presha kubwa zote zinasoma baa 6.

Hiyo ndiyo namba inayotarajiwa. Gesi ya kiyoyozi hiki, R134a, ikiwa nyuzi 27, na ndani yake bado kuna kimiminika, geji husimama karibu na baa 6. Kwa hiyo mfumo si mtupu. Ila kipimo cha gari lililozimwa hakisemi gesi ni kiasi gani: gramu 200 zingesoma sawa na gramu 700. Mafundi wengi hukosea hapa, wanaona namba nzuri wakadhani ujazo ni sahihi, au wanaona hakuna baridi wakadhani ujazo umepungua. Kwa leo nilitaka kujua jambo moja tu. Swichi ya presha hukata umeme wa kompresa presha ikishuka karibu na baa 2, ili kompresa isizunguke bila gesi na mafuta yake ikajiunguza. Kwenye baa 6 swichi haina sababu ya kukata.

Sitaongeza gesi. Nafuata umeme.

Siku ya 3

Fyuzi ya kompresa, ampea 10, ni nzima. Nimeigusa kwa taa ya kupimia pande zote mbili ikiwa mahali pake badala ya kuichomoa na kuitazama kwa jicho, maana fyuzi inaweza kuwa na ufa usioonekana.

Kisha rilei, swichi inayowashwa kwa umeme ili kupeleka umeme kwenye klachi. Mdogo wangu ameketi ndani, injini inanguruma, mimi nimeweka kidole juu ya rilei. "Bonyeza." Tik. "Zima." Tik. Nimemwomba arudie mara kumi, na mara zote kumi imeitika.

Mlio huu mdogo una maana kubwa. Kabla rilei haijavuta, lazima kitufe kikubali, sensa ya evaporeta, kile kipoza hewa cha ndani ya dashibodi, iseme hakuna barafu, swichi ya presha ikubali, na kompyuta ya injini iridhike kwamba injini haijachemka. Rilei ikivuta, wote hao wameshasema ndiyo. Nusu nzima ya saketi imeondoka kwenye orodha ya washukiwa bila kufungua hata skrubu moja ya dashibodi. Nilikuwa nimejiandaa kung'oa sanduku la mbele kuifuata sensa. Nimeshukuru kwamba nilisikiliza kwanza.

Rilei kuvuta hakuthibitishi kwamba midomo yake ya ndani inapitisha umeme, kwani huungua kwa cheche. Nimebadilishana na rilei ya honi, ambayo ni ya aina moja nayo. Honi inalia kwa rilei ya kompresa. Kompresa haivuti kwa rilei ya honi. Rilei haina hatia.

Siku ya 4

Siku ndefu, na nitaieleza taratibu kwa sababu jibu lilikuwa hapa, na nusura nilipite.

Nimezima injini, nikachomoa rilei, nikaunganisha tundu namba 30 na 87 kwenye soketi yake kwa kipande cha waya chenye fyuzi ya ampea 10. Hapo umeme wa betri unakwenda moja kwa moja kwenye klachi bila kuomba ruhusa kwa kompyuta. Hakuna "tak". Nimeingia chini ya gari, nikachomoa plagi ya klachi, nikapima kwa multimita kati ya plagi na bodi: volti 12.4. Nikapima koili yenyewe: omu 3.6. Koili nyingi za 12 volti huwa kati ya omu 3 na 5, kwa hiyo hii ni nzima.

Umeme upo, koili nzima, lakini sumaku haivuti. Mtu akifika hapa ndipo hutamka neno "kompresa imekufa" na kuagiza nyingine. Mimi pia nilikaa chini nikaanza kufikiria hivyo.

Kilichonirudisha ni balbu. Nina balbu ya zamani ya taa ya breki, wati 21, niliyoiunganisha nyaya mbili kwa ajili ya kazi kama hizi. Nimeichomeka kwenye plagi ileile iliyosoma volti 12.4. Ingepaswa kuniumiza macho. Imewaka rangi ya machungwa iliyofifia.

Multimita haivuti umeme wowote wa maana. Inagusa waya na kuuliza tu kama kuna msukumo, na uzi mmoja wa shaba uliobaki kati ya nyuzi thelathini unatosha kujibu "ndiyo, volti 12.4". Koili inataka ampea tatu na zaidi. Ukiuambia uzi huo mmoja ubebe ampea tatu, msukumo unaishia njiani. Ni kama bomba la maji lililoziba na kubaki tundu la sindano: ukifunga bomba, presha mwishoni ni kamili; ukifungua, yanadondoka matone.

Kwa hiyo nimerudisha plagi kwenye klachi, nikapima tena huku mzigo ukiwa umeunganishwa, kwa kupenyeza ncha ya kipimo nyuma ya plagi. Volti 7.8. Namba ileile iliyokuwa 12.4 dakika tano kabla.

Nimefanya hesabu pembeni ya daftari. Volti 7.8 kwa omu 3.6 ni ampea 2.2 hivi, wakati koili ilitakiwa kupata 3.4. Nguvu ya mvuto wa sumaku hushuka kwa mraba wa mkondo, si kwa mkondo wenyewe, kwa hiyo kilichobaki ni karibu asilimia 40 tu ya mvuto wake. Ndiyo maana bamba halisogei.

Volti 4.6 zimepotea wapi? Mzigo ukiwa bado umeunganishwa, nimeweka ncha moja ya multimita kwenye betri na nyingine nikaihamisha kituo hadi kituo. Kutoka betri chanya hadi tundu 87: volti 0.2, hakuna tatizo. Kutoka bodi ya kompresa hadi betri hasi: 0.1, ethi, njia ya umeme kurudi betri, ni nzuri. Zilizosalia, volti 4.3, zinapotelea kwenye waya kati ya rilei na klachi. Hiyo ni karibu omu 2 za ukinzani mahali ambapo hapapaswi kuwa na hata sehemu ya kumi ya omu moja, na wati 9 na ushei zinazogeuka joto ndani ya waya.

Joto hilo ndilo lililonionyesha mahali. Nimeacha saketi dakika chache, kisha nikapitisha vidole juu ya waya. Chini ya trei ya betri, ndani ya tepu nyeusi, pana sehemu yenye vuguvugu.

Siku ya 5

Nimechomoa betri, hasi kwanza, nikatoa trei. Tepu imebanduka yenyewe nilipoigusa. Ndani yake pana kiungo ambacho kiwanda hakikukiweka: mtu alikata waya, akausokota na mwenzake kwa vidole, akauzungushia tepu, akaufukia chini ya betri ambako mvuke wa asidi unafika. Shaba imeliwa na kugeuka unga wa kijani. Nilipovuta kidogo, nyuzi zikakatika, zikabaki mbili.

Sijui nani alifanya na sina haja ya kujua. Ninachotaka kusema kwa anayeshika gari la mtu ni kwamba kiungo cha kusokota hufanya kazi siku ya kwanza, na mwenye gari huondoka akishukuru. Maumivu huja baada ya miaka, kwa mtu mwingine, na dalili yake inafanana na gesi iliyopungua.

Nimekata pande zote mbili mpaka kwenye shaba inayong'aa. Upande mmoja ilinibidi nirudi nyuma sentimita 12, kwa sababu weusi ulikuwa umesafiri ndani ya ganda la waya. Nimeweka kipande kipya cha unene uleule, nikaunganisha kwa viungo vya kubana kwa koleo lake maalumu, kisha mpira unaosinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani ili maji yasipite. Sikulehemu. Risasi huufanya waya uwe mgumu pale inapoishia, na kwenye mtikisiko wa injini waya hukatikia hapohapo. Wapo wanaolehemu na kuushikiza waya vizuri, na kazi yao inadumu. Mimi nimechagua kubana. Njia ya waya nimeihamisha isipite tena chini ya betri.

Ndani ya tepu hiyohiyo nilikuta dayodi ndogo iliyokaa sambamba na koili. Nimeipima, inapitisha upande mmoja tu, ni nzima. Kazi yake ni kumeza msukumo wa ghafla unaozaliwa koili inapokatiwa umeme, ambao unaweza kufika mamia ya volti na kuharibu rilei au kompyuta. Nimeirudisha ikielekea vilevile ilivyokuwa. Ukiigeuza, fyuzi itakatika mara tu utakapobonyeza kitufe.

Vipimo baada ya kazi, mzigo ukiwa umeunganishwa: injini imezimwa, volti 12.0 kwenye klachi. Injini inawaka, betri 14.1 na klachi 13.7. Tak. Mdogo wangu ameisikia akiwa ndani ya gari, akapiga kelele kabla sijamuuliza.

Siku ya 8

Kimekata tena. Foleni, dakika 40, jua la saa nane mchana.

Nilivunjika moyo, siwezi kuficha. Lakini safari hii nina namba za kulinganisha. Nimeegesha, nikaacha injini ikiwaka, nikapima nyuma ya plagi bila kusogelea mkanda: volti 13.6. Umeme wote unafika na bamba halivuti. Nimezima injini, nikachomoa plagi, nikapima koili ikiwa bado ya moto: omu 4.6. Asubuhi baridi ilikuwa 3.6. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo koili imepanda nyuzi kama 70 juu ya hali ya asubuhi. Mkondo umeshuka kutoka ampea 3.8 hadi chini ya 3, na mvuto ukabaki asilimia 60 hivi.

Klachi nzima hustahimili hilo, maana watengenezaji wanajua koili itapata moto. Hii yangu haistahimili, kwa nini?

Injini ikiwa imezimwa, nimeunganisha tena tundu 30 na 87. Bamba halisogei. Nimelisukuma kwa mpini wa bisibisi: tak, limeganda, na halikuachia mpaka nilipokata umeme. Sumaku ina nguvu ya kushika, haina nguvu ya kufikia. Mwanya ni mpana mno.

Hapo tabia yote ya mwanzo imeeleweka. Bamba likishagandana na puli halina mwanya tena, kwa hiyo linashika hata koili ikiwa ya moto. Shida huja evaporeta inapokaribia kuganda na kiyoyozi kinapojikata chenyewe kwa sekunde chache, kama kinavyopaswa. Kinapotaka kurudi, lazima sumaku ya moto iruke mwanya upya, na ndipo inaposhindwa. Kwenye foleni hewa chini ya boneti haitembei, koili inachemka zaidi, na mzunguko mmoja wa kukata unatosha kuleta joto mpaka jioni.

Siku ya 9

Nimepima mwanya kwa zile bapa nyembamba za kupimia nafasi, mahali patatu kuzunguka bamba: 0.95, 0.95 na milimita 1 kasoro kidogo. Klachi nyingi za aina hii hutakiwa kuwa kati ya milimita 0.35 na 0.65. Bamba limelika kwa miaka, kama pedi za breki zinavyolika.

Boliti ya katikati imetoka kwa urahisi baada ya kulizuia bamba lisizunguke. Bamba limevutwa taratibu kwenye meno ya shafti, bila nyundo, kwa sababu nyuma ya shafti kuna sili ambayo ikiumia gesi yote hutoka. Ndani yake pana washa mbili nyembamba, vile vipete vinavyoweka upana wa mwanya. Nimetoa ile ya milimita 0.5, nikapitisha msasa laini kwenye uso wa bamba kuondoa kutu, nikarudisha. Sasa inasoma 0.45, 0.45 na 0.50. Nimezungusha puli kwa mkono kusikiliza kama inasugua bamba. Haisugui.

Kazi ya saa moja, bila kununua hata kipuri kimoja.

Siku ya 12

Jambo moja lilikuwa linanisumbua tangu siku ya kwanza: ile gesi iliyoongezwa mara mbili. Geji, kompresa ikifanya kazi, zilionyesha upande wa presha kubwa baa 18 kwenye joto la nyuzi 30, juu kuliko nilivyopenda. Nimelipeleka gari kwenye mashine inayovuta gesi na kuipima uzito. Sikutaka kuifungulia hewani. Gramu moja ya R134a hupasha joto dunia zaidi ya gramu 1,000 za kaboni dioksidi.

Kibandiko chini ya boneti kinasema gramu 500. Mashine imetoa 640.

Kwa hiyo gesi haikuwahi kupungua. Iliongezwa kwenye mfumo uliokuwa umejaa, presha ikapanda, kompresa ikawa nzito kuzungushwa, na klachi iliyokuwa tayari dhaifu ikabebeshwa mzigo mkubwa zaidi. Kila walipoongeza walikuwa wanaliendeleza tatizo waliloitwa kulimaliza.

Baada ya kuvuta, mfumo umewekwa kwenye ombwe dakika 40 ili unyevu utoke, ukaachwa nusu saa kuona kama ombwe linapungua. Halikupungua, hakuna tundu. Mafuta yaliyotoka na gesi, mililita 10, yamerudishwa ya aina ileile, kisha gramu 500 kamili. Presha ndogo baa 2.1, presha kubwa baa 13, hewa ya tundu la katikati nyuzi 7.

Siku ya 30

Saa nzima kwenye foleni, nyuzi 33 nje. Nimehesabu klachi ikikata na kurudi mara 11, na mara zote 11 imerudi. Mama alijifunika khanga miguuni, akalala mpaka tulipofika. Nilipofika nyumbani nimepima koili ikiwa ya moto: omu 4.6, ileile ya siku ya 8. Volti nyuma ya plagi, injini ikiwaka: 13.7.

Bado kuna kazi mbili. Trei ya betri imeliwa na asidi upande mmoja na nataka kuibadilisha kabla haijaanza kudondoshea nyaya nyingine. Na beringi ya puli ina mlio mdogo injini ikiwa baridi, unaokoma baada ya dakika moja. Nitaisikiliza kila wiki, na mwanya wa klachi nitaupima tena baada ya miezi sita.